Mwaka mzima nimesoma vitabu vya wachapishaji wadogo wa Bongo tu, njooni tuongee

kurasa_za_nyuma (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za mihangaiko. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hatutagombana.

Iko hivi. Mwaka jana mwezi wa kwanza nilijiwekea sharti, nisome vitabu vya wachapishaji wadogo wa hapa nyumbani tu, vya kiada nisiguse, na vile vya namna ya kuwa tajiri kabla hujafika miaka 30 nisiguse kabisa. Haikuwa uzalendo wala nini. Nilikuwa mjini nimekimbia mvua nikaingia duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) pale Samora, nikashika kitabu nikafungua ule ukurasa wa nyuma ya jina, ule wenye maandishi madogo ambao wote tunauruka. Sina cha kufanya mvua inapiga, nikausoma wote. Nikaona namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, inaanza 978 9987. Kitabu cha pembeni nacho 978 9987. Kingine cha zamani 9976. Kumbe hizo ndizo namba za Tanzania bana, ukiona 9966 ujue Kenya, 9970 Uganda. Nimesoma mpaka chuo na nilikuwa sijui.

Nikarudi geto nikamwaga vitabu vyangu vyote kitandani nikaanza kugeuza kimoja kimoja kama mtu wa forodha. Vilikuwa 37. Vya 9976 na 9987 vilikuwa vinne, na katika hivyo vinne viwili ni vya shule ambavyo sikurudisha (mwalimu kama upo humu nisamehe). Niliona aibu fulani ivi, maana mimi ndo nilikuwa wa kwanza kusema Wabongo hawaandiki.

Basi nikaanza. Nilichotegemea kukutana nacho ni hadithi za sungura na fisi, na ushairi wa kuombea amani. Nilichokutana nacho:

Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, Mkuki na Nyota 1999. Wengi mnaijua kwa sababu ya filamu ya Amil Shivji ya 2021, lakini kitabu ni kitu kingine. Zanzibar ya wakati wa mkoloni, Yasmin binti wa Kihindi kaozwa mzee, anatoroka, anakutana na Denge ambaye anatafutwa na polisi kwa mambo ya siasa. Nilianza saa tatu usiku nikashtuka adhana ya alfajiri.

Halafu Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya kitabu cha Abdulrazak Gurnah, nayo Mkuki na Nyota, 2022. Kile kitabu kilitoka kwa Kiingereza 1994. Mtu kazaliwa Zanzibar 1948, anaandika habari za pwani yetu, za mtoto Yusuf aliyewekwa rehani kwa tajiri kwa deni la baba yake, na Mswahili amekisubiri kwa lugha yake miaka 28, tena mpaka jamaa apewe Nobel 2021 kwanza. Hii inaniuma hadi leo. Ila tafsiri yenyewe, aisee, kuna mahali unasahau kabisa kwamba ilikuwa Kiingereza.

Makuadi wa Soko Huria ya marehemu Profesa Chachage, E&D 2002. Hii sikuipata kirahisi, nitaeleza chini. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, kidogo tu, unamaliza kwenye foleni ya Mbagala kwenda na kurudi. Halafu lile dubwana la juzuu tatu la maisha ya Mwalimu Nyerere, la Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, 2020, ambalo nimefika juzuu ya pili nimepiga kambi. Na vya watoto ambavyo nilinunua nikidanganya ni vya mpwa wangu.

Sasa angalieni huo mchanganyiko. Riwaya ya mapenzi na siasa, tafsiri, wasifu wa mwimba taarabu, historia nzito ya kitaaluma, vya watoto. Mchapishaji anayetoa vitu vya namna hiyo ana watu wachache tu ofisini. Na ndicho nilichokuja kusema humu, kwamba sisi tunajua mwandishi tu, hatujui kuna mtu mwingine pale katikati aliyekaa na mswada akasema hiki natoa hata kama hakiuziki. Walter Bgoya aliongoza TPH kuanzia 1972, lilikuwa shirika la umma, ndo lililotoa kile kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, mwaka ule ule wa 1972 kwa kushirikiana na wenzao wa London, na Kuli ya Shafi ikatoka hapo hapo TPH. Alivyoondoka akaanzisha Mkuki na Nyota 1991. Elieshi Lema na Demere Kitunga nao ndo E&D. Hayo majina mangapi mlikuwa mnayajua? Mimi sifuri.

Naomba kuwasilisha, na mniongezee vingine.

mzee_wa_kinondoni

Umenikumbusha mbali kijana. Ila umeanza hadithi katikati. Sisi tulikuwa na Ben Mtobwa, huyo hakusubiri mchapishaji, alianzisha kampuni yake mwenyewe, Heko. Vitabu vile vilikuwa vidogo vinaingia mfuko wa nyuma wa suruali, kava lina bastola na mwanamke, karatasi yake ukiilowesha inakuwa uji. Kitabu kimoja kilikuwa kinasomwa bweni zima, kikirudi kwako hakina kurasa za mwisho na unalazimika kumuuliza mwenzio nani aliuawa.

Na huyo Shaaban Robert unayemsoma kwenye foleni, naye alikuwa mchapishaji mdogo! Kusadikika walitoa Nelson 1951, lakini baadaye akaanzisha kampuni yake huko Tanga, Art and Literature. Yaani mtu mkubwa kuliko wote kwenye fasihi yetu alifika mahali akaona bora nitoe mwenyewe.

kurasa_za_nyuma

Shikamoo mzee. Hiyo ya Shaaban Robert nilikuwa siijui, nimekaa chini.

bei_ni_bei

Hadithi nzuri ila tuongee ukweli, vitabu vya hawa wadogo ni ghali. Kitabu cha kurasa 200 wanakuuzia elfu ishirini wakati mtaani chini ya mti napata riwaya ya Kizungu mtumba kwa buku tatu. Halafu mnalalamika watu hawasomi. Washushe bei tuone.

mpiga_chapa_mstaafu

@bei_ni_bei ngoja nikufanyie hesabu mdogo wangu, nimekaa kwenye mashine miaka mingi.

Chukua hicho cha elfu ishirini. Duka la vitabu linachukua asilimia 30 mpaka 40, tuseme 35, hapo elfu saba imeondoka. Imebaki elfu kumi na tatu. Mwandishi mrabaha wake asilimia kumi, elfu mbili. Imebaki elfu kumi na moja. Hiyo ndiyo inalipa karatasi, wino, plate, kuunganisha, mhariri, mtu wa kupanga kurasa, mchoraji wa kava, gari la kupeleka mikoani, ghala, na nakala zinazorudi zimepigwa jua dirishani hazifai tena.

Sasa ubaya uko kwenye idadi. Tufanye mhariri na mpangaji na mchoraji wote pamoja wamekula milioni tatu. Ukichapa nakala 5,000, kila kitabu kimebeba 600 tu. Ukichapa 500 kila kimoja kimebeba 6,000. Kazi ile ile, mhariri yule yule. Mchapishaji mdogo anachapa mia tano kwa sababu hana uhakika wa kuuza elfu tano, na kwa sababu kachapa mia tano bei inakuwa juu, na kwa sababu bei iko juu hauzi. Sijawahi kuona mtu akilifungua hilo fundo.

Huyo wa chini ya mti hajamlipa mtu yeyote kati ya hao niliowataja, ndo maana ni buku tatu.

bei_ni_bei

Sawa mzee hesabu nimeielewa. Ila mfukoni kwangu bado ni elfu ishirini.

mpiga_chapa_mstaafu

Hapo huna kosa.

mwl_wa_kidato

Mchango wangu kidogo kama mwalimu. Watu wanasema hawa wachapishaji wanaishi kwa riwaya, hapana. Kilichokuwa kinawalisha kwa miaka mingi ni kitabu cha shule. Tangu 1991 serikali iliporuhusu wachapishaji binafsi kutoa vya kiada, mwenye kitabu kimoja cha hisabati kilichopata ithibati alikuwa anaweza kutoa diwani tatu za mashairi kwa faida hiyo hiyo. Mashairi yalikuwa yanakula ugali wa hisabati. Baadaye kazi ya vya kiada ikarudishwa Taasisi ya Elimu, na wengi wakabaki na vitabu vya ziada na vya fasihi tu. Simlaumu mtu, kila mfumo ulikuwa na matatizo yake (enzi za vitabu vingi shule moja ilikuwa na vitabu vinne vinavyopingana, niliishi hilo darasani), ila mjue hivyo ndo ilivyo ukiona mchapishaji kanyamaza ghafla.

Na kitabu cha fasihi kikiingia kwenye orodha ya kidato cha tatu na nne, huyo mwandishi kapona. Kisipoingia, ni nyie wa huu uzi tu ndo mtakaokinunua.

dada_mswada

Mimi nipo upande wa pili, niliandika. Naomba nitoe dukuduku langu kidogo na sitamtaja mtu.

Nilikuwa na mswada wa hadithi fupi, miaka mitatu naandika usiku watoto wakilala. Nikaona tangazo "tunachapisha kitabu chako", nikapeleka. Wakasema lipa milioni mbili na laki tano, tutafanya kila kitu. Nikakopa kikoba nikalipa. Baada ya wiki tano, wiki tano tu wapendwa, gari likaja nyumbani likashusha maboksi ya nakala mia tano. Sikuhaririwa neno. Kosa nililoandika ukurasa wa kwanza, mhusika anaitwa Rehema halafu ukurasa wa nne anaitwa Rukia, lipo vilevile limechapwa kwa wino mweusi mzuri. Nauliza sasa mnauzaje? Wananiambia dada kuuza ni kazi yako.

Maboksi yako chini ya kitanda hadi leo. Mume wangu akitafuta viatu anasema "samahani mwandishi naomba nipite".

Nilichojifunza kwa gharama ni kwamba yule alikuwa mpiga chapa, hakuwa mchapishaji, na Kiswahili chetu chenyewe kinatuchanganya maana maneno yanafanana. Mpiga chapa unamlipa wewe. Mchapishaji anaweka hela yake, na akiweka hela yake ndo atakuhariri mpaka ulie, kwa sababu kitabu kikidoda ni hela yake imedoda.

kurasa_za_nyuma

Pole sana dada. Hiyo ya Rehema na Rukia imeniuma na imenichekesha kwa pamoja, nisamehe. Vipi, ulikata tamaa?

dada_mswada

Sikukata. Nimeandika mwingine, nimepeleka kwa mchapishaji mdogo wa kweli. Amekaa nao miezi minane kimya, nikasema basi umetupwa. Juzi kanirudishia na maoni ya mhariri kurasa kumi na moja. Kumi na moja! Maoni ya kwanza kabisa yanasema "hadithi ya pili ina wahusika wawili wenye kazi moja, mmoja aondoke". Nilikasirika siku mbili nikagombana na kila mtu nyumbani, siku ya tatu nikaona yuko sahihi. Nimemuondoa shangazi. Hadithi imekaa.

mpiga_chapa_mstaafu

Huyo usimwache. Mhariri anayekukasirisha siku mbili ni adimu.

wa_unguja

Salaam. Nami nina langu. Huyu bwana mwenye uzi kasifu sana, lakini mbona orodha za hawa wachapishaji wetu nusu nzima ni Kiingereza? Hayo majuzuu matatu ya Mwalimu, mtu aliyetuhimiza Kiswahili uhai wake wote, akatafsiri Shakespeare kwa mkono wake, yameandikwa Kiingereza. Mimi mama yangu kasoma mpaka darasa la saba, anampenda Mwalimu kuliko mimi, nimpe nini asome?

kurasa_za_nyuma

Hapo umenibana na sina utetezi. Ninachoweza kusema, Kiingereza ndo kinawauzia nje, vyuo vya nje vinanunua. Lakini mama yako yuko sahihi.

niko_ughaibuni

Kuhusu kuuza nje nina jibu. Mimi nipo Uingereza, vitabu vya nyumbani navipata kupitia African Books Collective, wako Oxford. Ilianzishwa 1989 na wachapishaji wa Afrika wenyewe, Bgoya alikuwa mmojawapo, kwa sababu kila mmoja peke yake alikuwa hawezi kuuza huku. Siku hizi wanachapa kwa oda, unaagiza kimoja kinachapwa kimoja, hakuna ghala. Nilichekaga siku moja, niliagiza kitabu cha Dar kikanifikia siku sita, ndugu yangu yuko Songea anakitafuta kitabu hichohicho mwezi wa pili.

kurasa_za_nyuma

Hii ya Songea ndo niliyosema nitaeleza chini. Makuadi wa Soko Huria nilivyoitafuta. Maduka mawili hawana, la tatu muuzaji kaniangalia kama naulizia kitu kibaya, kwa sababu ya jina 😂 "makuadi gani tena kaka". Nikaja kuipata kwa mzee mmoja anauza vitabu vilivyotumika, ina jina la mtu na tarehe ya 2003 kwa kalamu ya bluu, na pembeni ya ukurasa huyo mtu ameandika "KWELI KABISA" kwa herufi kubwa mara tatu sehemu tofauti. Nimesoma kitabu pamoja na huyo mtu simjui. Ile nakala siuzi.

Ila shida ni hiyo. Mwandishi kaandika, mchapishaji kachapisha, msomaji ana hela mkononi, na kitabu hakifiki. Mikoani duka la vitabu ni duka la madaftari na chaki. Nilikuwa Singida kikazi nikauliza riwaya, nikaonyeshwa atlasi.

bei_ni_bei

Singida riwaya zipo, stendi, ila ni fotokopi 😅

mwl_wa_kidato

Hiyo fotokopi ndo kaburi la mrabaha. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA, wale wa kusimamia hakimiliki, wapo, ila nani atakimbizana na mashine ya fotokopi kila stendi.

mkenya_mpole

Jirani nimesoma uzi wote. Huku kwetu hali inafanana sana, vitabu vya shule ndio vinabeba kampuni kubwa. Waliojaribu tofauti ni kama wale wa jarida la Kwani?, walianza 2003 baada ya mwandishi Binyavanga Wainaina kushinda tuzo ya Caine ya hadithi fupi 2002, walichapisha vitu ambavyo kampuni kubwa haingegusa, hata Sheng ilipata nafasi. Lakini Kiswahili kwao kilikuwa kidogo, nyinyi mnatushinda hapo. Dada wa mswada, kuna tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, zamani Mabati-Cornell, ilianza 2014. Wanapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Jaribu.

dada_mswada

Asante kaka, naifuatilia leo leo.

kitabu_kibovu

Swali nje ya mada kidogo. Nimenunua riwaya ya mchapishaji mmoja mdogo (simtaji, simo humo), nipo ukurasa wa 128 mambo yamepamba moto, geuza, narudi ukurasa wa 113. Kurasa zote mpaka 128 zimejirudia, halafu inaruka 145. Yaani 129 mpaka 144 hakuna! Ndo pale jamaa alikuwa anafungua mlango. Nimeibiwa au?

mpiga_chapa_mstaafu

Hahaha hujaibiwa. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi moja kubwa inachapwa kurasa nane huku, nane kule, inakunjwa inatoa kurasa 16. Vifungu hivyo vya 16 vinapangwa kwenye meza ndefu, mtu anatembea anaokota kimoja kimoja kwa mpangilio kisha vinaunganishwa. Gawanya uone, 113 mpaka 128 ni kifungu cha nane, 129 mpaka 144 ni cha tisa. Huyo mtu alifika kwenye rundo akaokota cha nane mara mbili, pengine aliitwa akageuka, na cha tisa akakiruka. Kama ilikuwa jioni ya Ijumaa namsamehe.

Rudisha, watakubadilishia, mchapishaji mwenye jina lake habishani kwa hilo. Na kuna mwenzio mahali fulani nakala yake pengine ina vifungu viwili vya tisa.

kitabu_kibovu

Kwa hiyo kuna mtu anasoma mlango unafunguliwa mara mbili na mimi sijauona hata mara moja. Tutafutane.

binti_maktaba

Nimechelewa uzi. Kwa ambao hawana elfu ishirini, Maktaba Kuu pale Bibi Titi vipo vingi vya hivi, maana hiyo bodi ya maktaba ndo inayotoa ISBN kwa wachapishaji wa nchi nzima. Na kuna Soma Book Café pale Mikocheni, ya akina Demere Kitunga, unakaa unasoma na watu wanajadili vitabu.

Halafu mwenye uzi, mimi sijasoma riwaya tangu kidato cha nne, niambie nianze na kipi kimoja, usinipe orodha.

kurasa_za_nyuma

Vuta n'kuvute. Anza Ijumaa usiku, Jumamosi usiwe na ratiba.

wa_unguja

Na mpwa wako utamrudishia lini vitabu vyake?

kurasa_za_nyuma

Kuna kimoja cha picha bado sijamaliza.